Kura ya Mwenye Ukumbi

Kamati ni watu watano na feni moja.
Ghorofani, juu ya duka langu la fotokopi, Maweni,
tumekaa tangu isha
kuamua kama Mamba wa Sabaki astaafu Agosti
au tumwache amalize mwaka
kama kalenda ilivyosema.

Kwa asiyecheza: ni kadi.
Upana wake kiganja cha mtoto.
Mamba kachorwa kinywa wazi chini ya daraja,
na chini yake mstari mmoja
ulioziharibu Jumamosi zetu:
*Akishuka mezani, mpinzani hupoteza zamu.*

Januari tulikuwa ishirini na wawili,
tukaazima viti kwa wapambaji wa harusi.
Juzi tulikuwa tisa.
Wanane walikuja na mamba wanne wanne.
Wa tisa, Mwanakombo, alileta bunda la pweza
kwa ubishi tu,
akatoka raundi ya kwanza,
akanunua viazi karai, akakaa kutazama
mamba wakila mamba.

Twalibu anasema aondoke kesho.
"Mchezo unaojua mwisho wake kabla hujachanganya kadi
si mchezo, ni foleni."
Kasema kweli.
Pia ana kwake, chini ya kitanda,
katoni tatu za toleo jipya hazijafunguliwa.
Mwamba ngoma huvutia kwake.

Bi Thureya, mwalimu wa hesabu,
anasema kalenda ni kalenda.
Ukiisogeza Desemba mara moja
nani ataiamini Machi?
"Leo mamba. Kesho mtasema pweza ana mikono mingi."
Tukacheka.
Feni ikakwama, ikafikiri, ikaendelea.

Wawili huku, wawili kule.
Wote wakanigeukia mimi, mwenye ukumbi,
nami nilikuwa namuwaza Kitsao.

Kitsao huvuna chumvi Gongoni.
Nyufa za vidole vyake hazifungi,
kwa hiyo kadi huzishika kwa ncha za kucha,
kama mtu aliyeshika picha ambayo haijakauka.
Mamba wake aliwanunua mmoja mmoja.
Watatu kwa Twalibu.
Wa nne nilimuuzia mimi, mwezi wa tano,
elfu mbili na mia tano.
Aliniuliza, "Atachezwa mpaka lini?"
Nikamwonyesha kalenda ya duka la simenti,
nikaweka kidole kwenye Desemba.
Kidole hiki.

Ahadi ni deni; nilifunzwa hilo
kabla sijajua kuhesabu.
Lakini viti vitupu navyo vinadai,
na vinadai kila wiki.

Nikaomba dakika tano. Nikashuka.

Alikuwa barazani, chini ya taa ya duka,
anacheza na mdogo wake Mwanakombo,
mtoto wa darasa la sita,
na bundani mwake hamna mamba hata mmoja.
Anapigwa. Anapigwa vibaya.
Mtoto anacheka mpaka kofia inamdondoka.

"Najaribu," akasema bila kuinua macho,
"kama naujua mchezo huu, au namjua yeye tu."
"Na umeonaje?"
"Bado."

Akakusanya kadi zake, akazigonga kando zilingane.
Kisha, kwa sauti ile ile
ambayo watu huniulizia bei ya fotokopi:
"Wakimtoa, wewe utanirudishia ngapi?"

Hakuniuliza kuhusu Twalibu.

Nikafungua droo.
Elfu moja na mia nane, pamoja na sarafu.
Nikahesabu tena,
kama pesa huzaa zikihesabiwa.
Juu wananiita, mara ya pili, mara ya tatu,
kiti kinaburutwa.

Nikamwekea zote juu ya kaunta.
Nikachukua karatasi iliyoharibiwa na mashine,
nusu cheti cha kuzaliwa cha mtu, nusu wino,
nikaigeuza, nikaandika:
*Kitsao. Mamba mmoja. Mia saba, bado.*
Nikaibandika ukutani, juu ya Desemba,

ndipo nikapanda ngazi kwenda kupiga kura.